Kupanga au Kununua Uganda: Anza na Udongo, Nyumba Baadaye

Miaka tisa nilikaa kwenye nyumba ya kupanga Kawempe, hapa Kampala. Vyumba viwili, choo cha nje, na mwenye nyumba aliyekuwa akibisha hodi tarehe mosi kabla jua halijatoka. Kila mwisho wa mwezi mimi na wapangaji wenzangu tulikuwa na wimbo mmoja: tunamsomeshea mtu watoto wake. Leo niko Matugga, nje ya jiji, kwenye nyumba yangu, na bado nasema wengi waliokimbilia kununua wangefaidika zaidi kama wangebaki wapangaji miaka mitatu mingine. Wengine nao wanapanga mpaka uzeeni ilhali uwezo walikuwa nao. Hapa nimeandika hatua nilizozifuata, pamoja na zile ambazo ningezifuata kama ningepata wa kuniambia mapema.

Hatua ya kwanza: hesabu miaka kabla ya pesa

Jiulize utakaa mahali hapo muda gani. Askari anayeweza kuhamishwa kutoka Bombo kwenda Gulu kwa barua ya siku moja, mfanyabiashara wa Kisenyi ambaye familia yake iko Mombasa au Bukavu, mwalimu aliye kwenye mkataba wa miaka miwili: hawa wote kununua nyumba Kampala ni kujifunga kamba mguuni. Kuuza nyumba hapa huchukua miezi, wakati mwingine miaka, na mnunuzi akijua una haraka atakukamua. Kama huna uhakika wa miaka mitano au zaidi, panga kwa amani, wala usione aibu. Aibu ya kupanga tumeletewa na maneno ya harusini.

Kama wewe si raia wa Uganda, kuna jambo la kulijua mapema. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinamruhusu mgeni kupata ardhi kwa lizi tu, yaani kukodishiwa kwa muda maalumu, na lizi hiyo haizidi miaka 99. Broka akikuambia Mkenya au Mkongo anaweza kuwekewa jina kwenye hati ya mailo (umiliki wa ardhi wa Buganda, nitaueleza hatua ya sita) "kwa kuelewana", muage hapo hapo. Na ukinunua kwa jina la shemeji aliye raia, nyumba hiyo kisheria ni ya shemeji.

Hatua ya pili: gawanya bei kwa kodi

Tafuta nyumba mbili zinazofanana mtaa mmoja, moja inauzwa na nyingine inapangishwa. Chukua kodi ya mwezi, zidisha kwa 12, kisha gawanya bei ya kuuzia kwa jibu ulilopata.

Tuseme Kyaliwajjala kuna nyumba ya vyumba vitatu inayopangishwa kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 9.6. Ya mfano wake inauzwa milioni 240. Gawanya, utapata 25. Maana yake, pesa ya kuinunua nyumba hiyo ingekulipia kodi miaka 25, bila kuhesabu kwamba kodi hupanda, na bila kuhesabu faida ambayo pesa hiyo ingezaa ikiwa imewekwa mahali.

Mimi nina kipimo changu. Jibu likiwa chini ya 15, kununua kunastahili kufikiriwa. Likiwa juu ya 20, mwenye nyumba anakusaidia bila kujua. Katikati ya hapo, angalia hali yako. Mitaa ya wenye nacho, kama Kololo na Naguru, bei ya ardhi imeruka mbali sana na kodi. Kwenye mizigo, yale mabanda ya chumba kimoja kimoja (Waganda huita omuzigo, nasi Waswahili tukilisikia tunaona limefaa kweli), hesabu hugeuka: kodi ni kubwa ukilinganisha na gharama ya kujenga. Ndiyo maana kila mwenye kipande cha ardhi Bwaise anajenga mizigo.

Hatua ya tatu: ingia benki na kalkuleta yako mwenyewe

Mikopo ya nyumba ya shilingi hapa imekuwa na riba ambayo watu wa nchi za mbali wakiisikia hushika kichwa. Chukua mfano wa asilimia 17. Nyumba ni ile ile ya milioni 240. Unatoa asilimia 30 mfukoni, yaani milioni 72, na unakopa milioni 168 kwa miaka 20. Malipo ya mwezi yanakaribia milioni 2.46. Kodi ya nyumba hiyo hiyo ilikuwa laki nane. Kwa miaka 20 utakuwa umeirudishia benki karibu milioni 590, na zile 72 za mwanzo ni mbali.

Ukiniuliza mimi, mkopo wa namna hii ni wa watu wawili tu: aliye na mkopo nafuu kutoka kwa mwajiri, na anayejua kwa hakika kwamba atalipa mapema sana. Wengine wote wasikilize tangazo la redio, kisha wabadilishe stesheni. Usidanganyike pia na mkopo wa dola kwa sababu riba yake ni ndogo kama mshahara wako ni wa shilingi. Shilingi ikiteleza, deni linapanda hata kama hujakosa kulipa mwezi mmoja.

Kuna mlango mwingine ambao watu wengi wanaufahamu nusu. Tangu marekebisho ya 2022 ya sheria ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wengi waliichukua wakanunulia ardhi. Si vibaya, ila pesa hiyo ilikuwa ikizaa riba kila mwaka huko ilikokuwa. Ardhi uliyoinunua ikae tupu miaka minane bila hata mihogo, hapo umebadilisha kuku anayetaga kwa kuku wa picha.

Hatua ya nne: ukiamua kupanga, panga kama mtu aliyeamua

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 ipo, na wapangaji wengi hawaijui. Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Mwenye nyumba hapaswi kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kukutoa ndani kunahitaji amri ya mahakama. Kukung'olea mlango au kukukatia maji ili uhame hakumo kwenye sheria. Ninajua vilevile kwamba ukimsomea mwenye nyumba wa Kawempe vifungu hivi saa kumi na mbili asubuhi, ataanza kukutafutia makosa. Basi viandike kwenye mkataba siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka.

Kabla hujatoa pesa uliza Yaka, ile mita ya umeme ya kulipia kabla. Je, mita ni yako peke yako, au mnachangia wapangaji sita? Mita ya pamoja ndiyo mama wa ugomvi wote: mmoja ana pasi, mwingine ana friji ya kuuzia soda, na wewe una balbu mbili. Maji yawe hivyo hivyo. Kisha nenda ukaione nyumba Aprili au Novemba, mvua ikinyesha. Bwaise na sehemu za chini za Kawempe, alama ya maji ukutani itakuambia yale ambayo broka hatayasema. Nami nililipa bila kuangalia ukuta, na mvua ya kwanza ilinikuta nimeweka magunia ya unga sakafuni.

Halafu ile tofauti kati ya kodi unayolipa na malipo ya benki ambayo hukuyachukua, usiile. Hatifungani za serikali unaweza kuanza nazo kwa shilingi laki moja kupitia benki yako. SACCO nayo ni nzuri kama viongozi wake wanaonyesha vitabu. Mpangaji asiyeweka akiba ndiye yule wa wimbo wetu wa tarehe mosi.

Hatua ya tano: njia ambayo wengi wetu tunaipita

Ukweli ni kwamba Waganda wachache sana hununua nyumba iliyokamilika. Tunanunua kiwanja, tunachimba msingi, tunangoja. Tunafika linta, tunangoja. Tunaezeka, tunahamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati. Kwa hiyo swali la kununua au kupanga kwetu lina jibu la tatu: kufanya yote mawili kwa pamoja kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo watu huvunjika, kwa sababu kodi haisubiri saruji.

Nilichojifunza ni kujenga kwanza chumba kidogo cha nyuma na choo, ukahamia, ukaacha kulipa kodi, ndipo kodi ile igeuke matofali. Usianze na jumba la mbele kwa ajili ya macho ya watu. Mwenzangu mmoja alianza na msingi wa vyumba vitano mwaka ule ule nilioanza mimi. Mpaka leo nyasi zimeota katikati ya msingi, naye bado anapanga.

Na hesabu nauli. Tuseme kwenda mjini ni 5,000 na kurudi ni 5,000, kwa siku 26 za kazi ni 260,000 kila mwezi. Kama ulikuwa ukilipa kodi ya 350,000 karibu na kazi na ukitembea kwa miguu, umeokoa 90,000 tu, na umenunua saa tatu za foleni kila siku. Mimi nilipohamia Matugga nilisahau kuhesabu hiyo foleni.

Neno la vipimo pia. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ndicho kinachouzwa zaidi pembeni mwa mji, ni desimali 11 na nusu hivi, na eka moja ina desimali 100. Broka akisema "desimali 13, Hajati, nakupunguzia", leta kamba upime. Nilipopima kile nilichoonyeshwa kwanza, kilikuwa hakifiki 10.

Hatua ya sita: udongo huu ni wa nani?

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Uganda ina aina nne za umiliki wa ardhi, na kila moja inajibu tofauti swali la kununua.

Ya kwanza ni ardhi ya mila. Huko Acholi, Lango na West Nile, sehemu kubwa ya ardhi ni ya ukoo. Mtu mmoja akikuuzia peke yake, amekuuzia ugomvi. Wazee wa ukoo wakae, wasaini, mipaka ipandwe miti mbele ya majirani.

Ya pili ni umiliki huru usio na mwisho wa muda, wenyewe huita frihodi. Huu ni mwepesi kueleweka: hati ni yako, ardhi ni yako.

Ya tatu ni lizi. Hapa unanunua muda, kwa kawaida miaka 49 au 99. Swali lako la kwanza liwe imebaki miaka mingapi, si inauzwa bei gani. Nyumba nzuri juu ya lizi iliyobakiza miaka sita ni nyumba ya kupanga iliyovaa suti. Uliza vilevile kodi ya ardhi kama imelipwa, na masharti ya kujenga kama yametimizwa.

Ya nne ni mailo, na hapa Buganda ndipo kesi zinapozaliwa. Jina lenyewe lilitokana na maili za mraba zilizogawanywa katika Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Juu ya ardhi ya mailo kuna watu wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeishi na kulima juu yake. Wote wawili wana haki. Kwa hiyo hapa kuna biashara mbili tofauti zinazoitwa kwa jina moja la "kununua ploti".

Ukinunua hati ya mailo ambayo juu yake wanaishi watu wa bibanja (ndio wingi wa kibanja), umenunua ardhi pamoja na watu. Sheria inawalinda waliokaa hapo miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, pamoja na waliorithi kutoka kwao. Marekebisho ya 2010 yanasema mwenye kibanja hatolewi isipokuwa kwa kutolipa busuulu, yaani kodi ya mwaka anayomlipa mwenye hati, na lazima iwe kwa amri ya mahakama. Busuulu yenyewe ni pesa kidogo: viwango vilivyowekwa na serikali vilianzia 5,000 vijijini mpaka 50,000 jijini, kwa mwaka mzima. Hutarudisha pesa yako kwa busuulu.

Ukinunua kibanja, bei ni nafuu, na ndiyo inayotuvuta sisi wenye mifuko myembamba. Lakini kibanja si hati. Mwenye kibanja anayetaka kuuza anatakiwa kwanza ampe mwenye mailo nafasi ya kukichukua. Akiuza kwa siri, sheria inaweza kumnyang'anya haki hiyo hiyo aliyokuuzia. Kwa hiyo mtafute mwenye mailo, hata kama anaishi London. Pata idhini yake kwa maandishi, na uombe risiti za busuulu za muuzaji. Kibanja kisicho na risiti hata moja ni hadithi tu. Kwenye ardhi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, nenda Buganda Land Board, ofisi yake ya ardhi. Kwa mpango wao wa Kyapa mu Ngalo, mwenye kibanja anaweza kupata lizi ya miaka 49.

Mimi nilianza kwa kutaka kibanja. Nilimtafuta mwenye mailo miezi minne, nikamkuta mzee mpole sana Luweero, akanikaribisha chai, akasema hakuwahi kumwona wala kumsikia mtu aliyetaka kuniuzia. Muuzaji nilimwacha, nikaendelea na mzee mpaka nikapata hati.

Hatua ya saba: uchunguzi kabla ya hata shilingi moja

"Hajati, ikilala leo kesho huikuti," aliniambia broka mmoja. Nikamwambia ilale. Ilikuwepo mwezi mzima.

Omba nakala ya hati, ukaitafute kwenye rejista katika ofisi ya ardhi ya kanda inayohusika: ya Wakiso ukienda upande wa Kira na Matugga, ya Mukono ukienda Seeta, na ya Kampala kwa jiji lenyewe. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya mafuta ya broka. Matokeo yatakuonyesha jina la mwenye ardhi, kama kuna kaveti (zuio la mtu anayedai haki kwenye ardhi hiyo), na kama imewekwa rehani benki. Jina lilingane na kitambulisho cha taifa, na sura ilingane na mtu aliye mbele yako.

Leta mpimaji wako, si wa muuzaji, afungue mipaka na kutafuta mawe ya alama. Inawezekana hati ikawa ya kweli kabisa, lakini ya ploti iliyo upande wa pili wa barabara.

Kisha tembea kwa majirani, bila broka. Kaa kwenye duka la karibu, nunua soda. Uliza nani alikuwa akilima pale. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, ukiwa peke yako. Maneno yake mbele ya muuzaji na maneno yake faraghani mara nyingi si ndugu. Atataka "kitu" kwa kusaini, wengine hutaja hadi asilimia 10 ya bei. Asilimia hiyo si ya sheria. Mpe asante ya kiasi, kwa heshima, maana ndiye utakayeishi naye.

Muuzaji akiwa na mke au mume, na familia inaishi hapo au inakula kutoka hapo, ridhaa ya mwenzake ni lazima kwa sheria. Akiwa ni mtoto wa marehemu, omba barua ya mahakama ya kusimamia mirathi. Kikao cha mazishi kumteua mrithi wa kimila hakumpi ruhusa ya kuuza. Familia zenye wake wengi, na sisi Waislamu tunajua ninachosema, hakikisha nyumba zote zimesikia.

Mwisho, angalia maji. Mafunjo yakiota, ama udongo ukikubali kijiti kama ugali, geuka. Ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na ukanda wa mita 200 kutoka Ziwa Victoria unalindwa. Mwaka 2024 watu walibomolewa Lubigi, na wako waliokuwa wamejenga nyumba za maisha yao yote. Kibali cha umeme si ushahidi kwamba unaruhusiwa kukaa pale.

Hatua ya nane: siku ya kulipa

Wakili awe wako, wewe ndiye umlipe. Pesa ipite benki, kwa awamu: sehemu mkisaini, sehemu hati na fomu za uhamisho zikiwa mikononi mwa wakili, na kipande kibaki mpaka jina libadilike. Muuzaji anayekataa awamu na kutaka noti kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mwache na mfuko wake.

Mtathmini wa serikali ataweka thamani, nawe utalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani hiyo. Ongeza mpimaji, wakili na ada za usajili. Mimi humwambia mtu atenge asilimia 5 juu ya bei ili asishikwe njiani. Ukikatiwa kipande kutoka hati kubwa, hati mama lazima ifunguliwe na kipande chako kitengewe namba yake. Usikubali "tutagawa baadaye".

Hati mpya ikitoka, usiikunje ukaitia mkobani. Simama pale pale dirishani uisome: namba ya bloku, namba ya ploti, ukubwa, na jina lako herufi kwa herufi. Yangu ilitoka Hadija, kitambulisho kinasema Khadijah. Nilirudishwa kwenye foleni, wiki sita nyingine.